Toleo la 1.3.1

Katika kikundi chetu kazi yangu ni kupokea. Wengine wanaleta maneno, mimi nayaweka pamoja, naangalia kama hayagongani, halafu siku ikifika natoa toleo jipya. Watu wa programu huria, yaani zile programu ambazo kila mtu anaruhusiwa kuzisoma, kuzibadilisha na kuzigawa, humwita mtu wa kazi hii mtunzaji. Hapa Kakuma wananiita Mwalimu tu, kwa sababu nilianza kwa kufundisha vijana kuwasha kompyuta na kuandika barua.

Nataka kueleza kosa nililolifanya katika kazi hiyo na jinsi tulivyolirekebisha. Najua kuna vikundi vingine hapa kambini, na Nakivale, na Nyarugusu pia, vinavyokusanya kazi za watu namna hii. Labda wao watawahi kabla hawajafika nilipofika mimi.

Programu yetu ni kamusi ndogo ya maneno ya kliniki. Inakaa kwenye simu, haihitaji intaneti. Unaandika neno kwa Kiswahili, inakupa kwa Kibembe, Kirundi, Kisomali na Kidinka. Tuliianza baada ya kuona jinsi wakalimani wanavyohangaika. Mama anaeleza maumivu yake kwa lugha ya kwao, mkalimani ni kijana aliyekulia kambini, na jina la ugonjwa huo kwa lugha ya nyumbani hajawahi kulisikia. Anabahatisha. Sasa ukibahatisha kati ya "mara mbili kwa siku" na "kila baada ya siku mbili", hapo si mchezo tena.

Kazi yote naifanya kwa Git, kwenye ile skrini nyeusi isiyo na picha, ambapo unaandika amri na kompyuta inatii au inagoma. Wageni wakiniona hufikiri nimeharibu mashine. Mimi naipenda kwa sababu haili bando. Historia nzima ya mradi, tangu neno la kwanza, iko ndani ya kompyuta yako mwenyewe. Ukitaka kumpelekea mtu wa Kalobeyei, unaandika git bundle create, historia inakunjwa kuwa faili moja, unalitia kwenye flashi, unampa mtu wa bodaboda. Yeye akipokea anaandika git bundle verify, kuhakikisha kwamba faili ni zima na linaungana na historia aliyo nayo, kisha anavuta mabadiliko kama vile anayavuta kutoka mtandaoni. Siku nyingi tunafanya hivyo.

Mtu akiwa na badiliko dogo tu, hana haja ya kutuma historia. Anaandika git format-patch, anapata kiraka. Ni faili la maandishi matupu: mistari iliyotolewa ina alama ya kutoa, iliyoongezwa ina alama ya kujumlisha, na juu kuna jina la aliyeandika, tarehe, na maelezo mafupi. Mimi nikikipokea naandika git am, kiraka kinashonwa mahali pake. Kila badiliko lililoshonwa tunaliita komiti. Neno hilo lilituletea shida mwanzoni. Mzee mmoja alisikia vijana wakisema "leo nimefanya komiti tano", akataka kujua kamati hizo zote zinakutana wapi na kama kuna soda.

Viraka viwili vikigusa mstari mmoja, Git haichagui. Inasimama, inaandika maandishi ya wote wawili, moja juu na lingine chini, inaweka alama za mishale pembeni, inakungoja wewe. Mara ya kwanza ilitokea kwa neno la dawa. Kijana aliyesoma Kenya aliandika "tembe". Ndugu wa kutoka Uvira aliandika "komprime", maana kwetu Kongo ndivyo tunavyosema. Wa tatu, aliyekaa miaka Nyarugusu, akasema wote wawili wamepotea, neno ni "vidonge". Kila mmoja alitaka nifute la mwenzake. Niliyaacha yote matatu, kwa sababu mgonjwa hachagui Kiswahili cha kuumwa nacho. Siku ile nilijisifu sana. Nilijiona mpokeaji wa haki.

Mwaka jana tukatoa toleo la 1.3.0. Kutoa toleo kuna utaratibu wake. Unasoma git log kuona kilichobadilika tangu toleo lililopita. Unaandika faili la mabadiliko kwa maneno ambayo mtu wa kawaida ataelewa. Unapandisha namba. Unajaribu kwenye simu tatu mbovu kuliko zote unazoweza kuazima. Halafu unapiga lebo: git tag -a v1.3.0. Lebo ni kama muhuri. Inasema kwamba kazi yetu siku hii ilikuwa hivi, na namba hii haitamaanisha kitu kingine. Mwisho nikaandika git shortlog -sn, amri inayohesabu komiti za kila mtu na kupanga majina kuanzia aliye na nyingi. Jina langu lilikuwa juu kabisa. Nikaona ni kawaida. Si mimi ndiye mtunzaji?

Wiki chache baadaye, jioni, dada mmoja wa Kakuma 3 alikuja kwangu. Ni mkalimani wa Kibembe, mzaliwa wa Fizi. Maneno yote ya Kibembe kwenye kamusi yetu alituletea yeye, maneno 240. Alikuwa ameomba nafasi ya kusoma kwa njia ya mtandao, na fomu ilimtaka aonyeshe kazi aliyoifanya pamoja na watu wengine. Aliandika kamusi yetu, akaweka anwani ya mradi. Jibu lilikuja, fupi na la heshima: tumeangalia historia ya mradi, jina lako hatujaliona.

Hakunipigia kelele. Alikaa kwenye jerikani, akanionyesha simu. "Mwalimu, hebu nitafutie. Mimi niko wapi?"

Nikaandika git log --author na jina lake. Haikutoka kitu. Nikajaribu jina la baba yake, huenda liliandikwa hivyo. Kimya. Nikaandika git blame kwenye faili la Kibembe, amri inayoonyesha kila mstari uliandikwa na nani. Wa kwanza mimi. Wa pili mimi. Nikashuka mpaka karibu na mwisho, mimi, mimi, mimi. Mimi ambaye kwa Kibembe najua kusalimia tu.

Kilichotokea ni rahisi kueleza. Dada huyu hana kompyuta. Maneno alikuwa anayatuma kwa WhatsApp, kidogo kidogo, ujumbe 17 katika miezi minne, kila mara baada ya kukaa na mama wa kwao na kuwauliza. Mimi nilikuwa nayanakili, nayabandika kwenye faili, naandika git commit, nalala. Git haijui habari za WhatsApp. Inaandika jina la mwenye kompyuta. Kulikuwa na kitu kimoja tu cha kuongeza kwenye amri ile: --author, halafu jina lake. Ni sekunde kumi. Mara 17 sikuwa na sekunde kumi.

Aibu yangu ilizidi kwa sababu nilikuwa najua. Somo hili nimelifundisha mwenyewe. Git iliandikwa na Linus Torvalds mwezi wa 4 mwaka 2005, baada ya watu wa Linux kuondolewa ruhusa ya kutumia bila malipo chombo chao cha zamani, BitKeeper. Linux inaandikwa na maelfu ya watu ambao wengi wao hawajawahi kuonana. Viraka vinatumwa kwa barua pepe, mtunzaji huyu anampelekea yule, mpaka vinafika juu. Kwa hiyo anayeshona mara nyingi siye aliyeandika. Ndiyo maana kila komiti ya Git ina nafasi mbili za majina na tarehe mbili: mwandishi na tarehe aliyoandika, mwekaji na tarehe aliyoweka. Ukiandika git log --format=fuller unaviona vyote vinne. Na git am ilitengenezwa kwa ajili ya barua zile zile. Jina la mwandishi inalichukua kwenye barua, hailichukui kwa mwenye kompyuta. Hata kabla ya Git, tangu 2004, watu wa Linux walikuwa wameanza kuweka chini ya kiraka mstari wa Signed-off-by. Anayekileta anathibitisha kwa jina lake kwamba ana haki ya kukitoa, na kila mtunzaji anayekipitisha anaongeza jina lake chini. Ukisoma unajua kiraka kimepita mikononi mwa nani na nani.

Yaani chombo kilikuwa na nafasi ya dada tangu siku ya kwanza. Mimi ndiye sikuijaza.

"Basi badilisha," akasema. "Weka jina langu."

Nikamweleza kwa nini si rahisi hivyo. Kila komiti ina namba yake ya herufi na tarakimu 40, inayotokana na yaliyomo ndani: maneno yenyewe, maelezo, jina la mwandishi, tarehe, na namba ya komiti iliyotangulia. Ni kama alama ya vidole. Ukibadilisha jina kwenye komiti ya miezi kumi iliyopita, alama yake inabadilika. Iliyofuata ilikuwa imeshika alama ile, nayo inabadilika. Hivyo hivyo mpaka ya leo. Amri za kufanya hivyo zipo. Lakini historia yetu ilikuwa tayari kwenye flashi na kompyuta za watu 11, wengine Kalobeyei, mmoja amehamia Eldoret, mmoja yuko Nakivale. Ningebadilisha kwangu, wao wangebaki na ile ya zamani. Siku ya kuleta kazi zao, Git ingeona njia mbili zilizoachana miezi kumi iliyopita, kila komiti ikiwa na pacha wake. Na lebo ya 1.3.0 ilikuwa imeshatoka. Maelezo ya amri ya git tag yana sehemu nzima juu ya jambo hili: ukishatoa lebo yenye kosa na watu wakaichukua, njia nzuri ni kukiri na kutoa namba nyingine. Usibadilishe kimyakimya kitu kilicho chini ya namba ile ile.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kwa hiyo kosa lako haliwezi kufutika, lakini jina langu liliweza."

Sikuwa na jibu. Akamaliza chai, akaaga, akaenda.

Sisi watu wa kambini habari ya jina tunaijua. Kwenye kadi ya Kongo jina langu linaandikwa vile, kwenye karatasi ya hapa aliyekuwa anaandika alilisikia vingine, na laini ya simu ina jina la rafiki aliyenisajilia. Kila ninapokwenda nabeba karatasi na maelezo. Kwenye Git kuna faili dogo linaitwa .mailmap. Ndani yake unaandika, mstari kwa mstari, kwamba jina hili na lile, anwani hii na ile, ni za mtu mmoja, na jina lake sahihi ni hili. Historia haiguswi, lakini git shortlog ikihesabu inamhesabu kama mtu mmoja. Nilipolijua faili hilo mara ya kwanza nilicheka peke yangu, nikasema laiti na sisi tungekuwa na moja.

Usiku ule nililifikiria. Halikufaa. Lingegeuza jina langu kuwa lake kila mahali, hata kwenye kazi ambayo si yake. .mailmap inatibu jina lililoandikwa vibaya. La dada halikuandikwa kabisa.

Jumamosi tukakutana kikundi kizima chini ya mti. Nilieleza kosa langu bila kulipunguza. Ndugu mmoja akasema shida yetu ni kupokea kazi kiholela. Kuanzia sasa kila anayeleta kitu aonyeshe kitambulisho. Akatukumbusha habari ya xz, na habari yenyewe ni ya kweli. Mwezi wa 3 mwaka 2024 mhandisi mmoja, Andres Freund, aliona kuingia kwenye kompyuta kwa ssh kunachelewa kama nusu sekunde. Akafuatilia, akakuta mlango wa siri umefichwa ndani ya xz, programu ndogo ya kubana mafaili inayotumiwa na kompyuta nyingi mno. Aliyeuweka alijiita Jia Tan. Alikuwa ameleta viraka vizuri kwa zaidi ya miaka miwili, akaaminiwa, akapewa utunzaji, ndipo akatoa matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 yenye sumu.

Mama mmoja anayetuletea Kirundi akauliza, "Kitambulisho kipi hicho?" Watu wakacheka, lakini si kwa furaha. Wengine cha kwao kimeisha muda, wengine wana karatasi tu ya familia nzima, na wengine walikimbia watu ambao mpaka leo wanatafuta majina yao. Mama akaendelea, "Na huyo wa xz, mtu aliyevumilia miaka miwili, mnadhani angeshindwa kutengeneza kadi?"

Nikaongeza jambo moja ninalolijua. Kipande cha kuifungulia sumu ile hakikuwemo kwenye historia iliyokuwa wazi kwa wote. Kilikuwa kwenye faili la toleo lililofungashwa kwa ajili ya kugawa. Mtu angelinganisha kilichofungashwa na kilichoandikwa kwenye historia, angeona tofauti. Basi tukakubaliana hivi: jina unalotaka kuitwa ndilo jina lako, hatutakudai karatasi. Lakini kila toleo, kabla halijatoka, litatazamwa na watu wawili, na mmoja wao si mimi.

Ndipo dada, aliyekuwa kimya muda wote, akauliza swali ambalo mimi mtaalamu sikuliuliza. "Maneno yangu yakiondolewa leo, halafu mimi mwenyewe nikayaweka leo kwa mkono wangu, historia inavunjika?"

Haivunjiki. Kuna git revert. Amri hiyo haifuti komiti ya zamani. Inaongeza komiti mpya inayotengua kazi ya ile ya zamani, na zote mbili zinabaki zinaonekana. Wenye flashi wote 11 wangevuta mabadiliko kama kawaida. Siku zote nilikuwa natafuta namna ya kulificha kosa ndani ya historia safi. Yeye alitaka tu jina lake liwemo.

Jumatatu alikuja baada ya kazi, wakati jenereta ya jirani inawashwa. Nilianza mimi kutengua. Papo hapo Git ikagoma: kuna mistari tisa ya Kibembe ambayo mzee mmoja alikuwa ameisahihisha baadaye, na yeye alileta kiraka kwa njia sahihi, jina lake lipo. Ningelazimisha, jina la mzee lingetoka kwenye mistari ile. Nusura nirudie kosa lile lile nikiwa nalirekebisha. Nilimuuliza dada. Akasema, "Hayo tisa yaache. Ni yangu na yake." Tukayaacha, na kwenye maelezo tukaandika mstari wa Co-authored-by wenye jina la dada, ili ijulikane kwamba hayo tisa pia yalianzia kwake. Kwa maneno mengine yote niliandika hivi: "Naondoa maneno 231 ya Kibembe niliyoyaweka kwa jina langu. Si yangu. Mwenyewe anayarudisha."

Kisha nikainuka, akakaa yeye.

Alirudisha kwa mafungu 17, kama alivyotuma. Kwa kila fungu alifungua WhatsApp, akaangalia tarehe ya ujumbe, akaiandika kwenye amri kwa --date. Tarehe ya mwandishi ikawa ile ya siku aliyoifanya kazi kweli, na tarehe ya kuweka ikawa ya usiku ule. Ukizisoma zote mbili unaona mambo yote, pamoja na uzembe wangu. Aliandika kwa kidole kimoja, taratibu, akisoma kila herufi kabla ya kubonyeza. Kwenye fungu la 14 jenereta ikazimwa. Tukaendelea kwa betri, mwanga wa skrini umepunguzwa mpaka mwisho.

Tulipomaliza niliandika git diff kulinganisha faili la Kibembe la toleo la 1.3.0 na hili la sasa. Haikutoka hata herufi. Kwa amri hiyo, kimya ni jibu zuri: maneno ni yale yale, kwa mpangilio ule ule. Nikaandika git blame. Jina lake likashuka kwenye skrini mstari baada ya mstari, na katikati mara tisa jina la mzee. Akasoma mpaka chini, akarudi juu, akasoma tena.

Likabaki suala la namba. Namba zetu zina sehemu tatu, kama programu nyingi siku hizi. Ya kwanza inapanda ukibadilisha kitu kitakachowavunjia watu walichokizoea. Ya pili inapanda ukiongeza kitu kipya. Ya tatu inapanda ukirekebisha hitilafu. Kijana mmoja akasema tusitoe toleo lolote, kwa sababu mwenye simu hataona tofauti: neno ni lile lile, kitufe ni kile kile, hakuna hitilafu iliyorekebishwa. Tulibishana kidogo. Mimi nilisema ipo. Programu ilikuwa inasema kitu cha uongo juu ya nani aliyeifanya, na sasa haisemi. Basi namba ya tatu ikapanda. Mstari wa kwanza wa faili la mabadiliko la 1.3.1 unasema mtunzaji aliweka kazi ya mtu mwingine kwa jina lake, na kwamba imerekebishwa. Nikapiga lebo mpya, ile ya zamani nikaiacha ilipo. Dada akalinganisha toleo na historia, akakubali. Tukafungasha kwa git bundle, flashi zikaondoka asubuhi.

Nafasi ile ya kusoma haikungoja. Aliwaandikia tena na kuwaeleza, wakamjibu kwamba muda umepita. Ameomba kwingine, bado anasubiri. Sina la kuongeza juu ya hilo. Kurekebisha historia hakurudishi tarehe ya mwisho ya fomu, na sekunde kumi zangu mara 17 zilimgharimu mwaka.

Tangu wakati huo yeye ndiye mtazamaji wa pili, na anaruhusiwa kupiga lebo. Tulipokuwa tunaandaa toleo la 1.4.0 tuliamua kuongeza Kifuliiru, lugha ya kwetu. Nikaandaa kiraka cha maneno 30, safi kabisa, jina langu juu, nikampelekea kwenye flashi. Siku ya pili flashi ikarudi. Hakukishona. Nikaenda kumuuliza kuna kosa gani.

"Mwalimu, haya maneno umeyatoa wapi?"

"Mengine nayajua. Mengi nilimuuliza shangazi."

"Shangazi yuko wapi hapa?"

Nilisimama pale na flashi yangu mkononi. Yeye kwenye mafungu yake 17, kumbe, chini ya kila moja aliandika mstari wake mwenyewe: "Maneno-kutoka", halafu jina la mama aliyempa, au "mama wawili wa Kakuma 3" kwa wale wasiotaka majina yao yaonekane. Git inaruhusu mistari ya namna hiyo chini ya maelezo, unaweza kuita unavyotaka. Nilikuwa nimeiona usiku ule, nikafikiri ni adabu yake tu.

Nikarudi nyumbani kumuuliza shangazi anataka aandikweje. Kwanza hakuelewa swali. Nilipoeleza, akafikiri, akasema jina lake lisiwekwe mahali watu wengi wanasoma. "Andika mama wa Luvungi. Wanaonijua watanijua."

Kiraka kilikuwa bado hakijashonwa, hakuna aliyekwisha kukichukua, kwa hiyo hapakuwa na kitu cha kutengua. Kabla ya kutoa, kusahihisha ni amri moja: git commit --amend. Nikaongeza mstari, nikatoa kiraka upya, nikakirudisha kwa dada. Akakisoma mpaka chini, akakishona.